Mara Moja kwa Zamu

Tulimpa makaa mawili, meno manne, ngozi nne.
Fisimaji wa Mlangobahari, nikaandika kwa penseli,
na chini yake, kwa herufi za kubana:
Akijeruhiwa, hurudi mkononi mwa mwenyewe.
Nayaret akamchora masharubu yenye barafu,
kidole gumba cheusi kwa wino hadi kwenye kucha,
akasema, Huyu nampenda. Usimguse.

Kosa lilianzia hapo, kwenye kupenda.

Punta Arenas, Julai. Saa kumi na moja jioni
giza limeshafika kabla ya wateja.
Nyuma ya duka la misumari na rangi la mjomba wake
hita ya gesi inakoroma,
upepo unalitikisa bati kama anayedai deni.
Don Eleuterio, aliyepanga barua posta miaka thelathini,
hucheza kadi kwa adabu,
huomba radhi kabla ya kushambulia.
Fisimaji wetu alimpiga mara sita.
Mara ya saba mzee akavua miwani,
akaifuta kwa pindo la sweta.
"Mnyama mzuri," akasema.
"Ila mimi nimekuja kufanya nini hapa?"

Tukapunguza.
Kupunguza ni kazi ya kinyozi:
ukikata kidogo hakuna aonaye,
ukikata sana hakuna dawa ila kungoja.
Meno matatu. Ngozi moja.
Bei tukaipandisha, makaa matatu,
na fisimaji akawa mzito,
akalala mkononi mchezo mzima
kama barua isiyo na anwani.
Tukamrudishia bei yake.
Pale penye namba karatasi imechakaa kwa ufutio,
ukiiinua kwenye taa
unaona mwanga upande wa pili.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa,
lakini ainame kiasi gani?
Methali haisemi.
Imetuachia sisi tupime,
goti moja au yote mawili,
na akiinuka, awe ameshika kitu
au vumbi?

Halafu akaja Baltazar, miaka kumi, pengo la jino.
Alitumwa skrubu, akabaki.
Yeye hazisomi kadi kama sisi,
huzisoma kama panya asomavyo ukuta.
Akaweka Kengele ya Ukungu:
kiumbe akirudi mkononi, chukua makaa mawili.
Akaweka Upepo wa Kusini:
kila aingiaye hukwaruzwa, na mpinzani wako pia.
Kisha fisimaji.
Anaingia, anakwaruzwa, anarudi, kengele, makaa mawili,
anaingia, anakwaruzwa, anarudi, kengele,
na Don Eleuterio anahesabu pumzi zake kwa sauti,
ishirini, kumi na tisa, kumi na nane,
kwa utulivu wa mtu anayehesabu stempu,
hadi sifuri.
Baltazar hakucheka.
Alitutazama kama fundi
aliyekuonyesha bomba linavujia wapi.

Usiku ule nilitaka kumtupa fisimaji,
tuanze na kiumbe kingine, konokono labda,
asiye na maajabu.
Nayaret akachukua penseli.
Meno hakuyagusa. Bei hakuigusa.
Mwisho wa sentensi, pale nilipotia nukta
nikidhani nimemaliza,
akaifuta nukta, akaongeza:
mara moja kwa zamu.

Maneno manne.
Nimewahi kuandika barua za mapenzi kurasa tatu
zisizobadili kitu.

Jumamosi Baltazar akarudi.
Akajaribu tundu lake la zamani, akakuta ukuta.
Akajaribu kwingine.
Don Eleuterio alimshinda kwa pumzi mbili,
akaomba radhi.
Mtoto akanuna, akaupiga teke mguu wa meza,
hita ikakohoa.
Kisha, bila kumtazama yeyote,
akazikusanya kadi
na kuanza kuzichanganya.